David Davis wa Bloomington: Hakimu Baina ya Kura na Katiba

Msomaji anayefuatilia habari za Abraham Lincoln hukutana na jina la David Davis mara mbili, na mara ya pili hudhani kwamba huyu ni mtu mwingine. Mara ya kwanza ni Chicago, mwezi wa Mei 1860, ambapo Davis, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa shauri, ameketi hotelini akipokea wajumbe, akihesabu kura na kuwatuma wenzake huku na huku, hata Lincoln akateuliwa kugombea urais. Mara ya pili ni Washington, mwezi wa Desemba 1866, ambapo jaji mwenye jina hilohilo anatoa sababu za hukumu isemayo kwamba serikali ya Lincoln ilivuka mipaka ya katiba ilipowapeleka raia mbele ya mahakama za kijeshi, ilhali mahakama za kawaida zilikuwa wazi. Ni mtu mmoja. Kwa hiyo wako wanaomtaja kuwa mwanasiasa aliyejivika joho, na wako wanaomsifu kuwa kielelezo cha insafu, na kila upande una ushahidi wake mkononi.

Fauka ya hayo, wasomaji wa Kenya na Tanzania, waliozoea majaji wanaoteuliwa na Rais, hustaajabu kusikia kwamba katika majimbo mengi ya Marekani hakimu huomba kura kama diwani, wakauliza haki itapatikanaje kwa mtu anayewahitaji kesho wale anaowahukumu leo. Maswali haya mawili, la mtu na la utaratibu, yanaweza kuchambuliwa pamoja, maana Davis alikuwa hakimu wa kuchaguliwa kwa miaka 14, tangu 1848 hadi 1862, kisha akawa jaji wa kuteuliwa maisha kwa miaka mingine 14 na ushei, hadi Machi 1877. Ni nadra sana kumpata mtu mmoja aliyepimwa katika mizani zote mbili kwa muda unaokaribia kulingana.

Asili na kuinukia kwake

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1815 katika wilaya ya Cecil, jimbo la Maryland, baba yake aliyekuwa tabibu akiwa ameshafariki kabla mtoto hajaiona dunia. Sehemu ya utoto wake alilelewa na ami yake aliyekuwa kasisi. Akasoma katika chuo cha Kenyon, jimbo la Ohio, akahitimu 1832. Akajifunza sheria katika ofisi ya wakili mjini Lenox, Massachusetts, kisha kwa muda mfupi New Haven. Na mwaka 1835, kama vijana wengi wa mashariki waliokuwa na elimu lakini hawana nafasi kwao, akaelekea magharibi. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Pekin, kando ya mto Illinois, ambako homa ya malaria ilimlaza kitandani. Mwaka uliofuata akahamia Bloomington, makazi machanga katikati ya mbuga, na huko Jesse Fell akamwachia kazi zake za uwakili ili yeye mwenyewe ashughulike na biashara ya ardhi.

Kazi ya wakili wa mji mdogo zama hizo haikuwa ya hotuba za kusisimua. Aghalabu ilikuwa ni kudai madeni kwa niaba ya wafanyabiashara wa mashariki waliokopesha bidhaa, na baada ya mtikisiko wa 1837, ambapo fedha ziliadimika na benki zikayumba, mdaiwa alilipa kwa kile alichokuwa nacho, yaani ardhi. Davis aling'amua mapema kwamba ardhi ya mbuga, hata ikiachwa bila kulimwa, hupanda thamani maadamu watu wanaendelea kuja. Akanunua, akabadilishana, akahodhi, hata alipofariki 1886 alikuwa na mali nyingi sana. Jambo hili si la pembeni kama linavyoonekana, na litahitajika tena hapa chini, katika habari za mshahara wa hakimu.

Mwaka 1838 alimwoa Sarah Walker wa Lenox, na barua alizomwandikia akiwa safarini ndizo leo zinazotufunulia maisha yake ya kila siku kuliko kumbukumbu zozote za mahakama. Katika siasa alikuwa mtu wa chama cha Whig, chama cha wenye biashara na wapenda barabara na reli. Aligombea useneta wa jimbo 1840 akashindwa. Akachaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la Illinois 1844, akatumikia kipindi kimoja bila kuacha alama kubwa. Na mwaka 1847 akawa mjumbe wa mkutano ulioandika upya katiba ya jimbo. Hapo ndipo habari zake zinapoanza kuwa na uzito.

Kwa nini Illinois iliamua kuwachagua mahakimu

Watu wengi hudhani kwamba uchaguzi wa mahakimu ulitokana na mapenzi ya kupita kiasi kwa rai ya umma. Hayo yamo, kwani mawazo ya zama za Andrew Jackson yalikuwa yameenea, na jimbo la Mississippi lilikuwa limekwisha kuanza tangu 1832, likafuatwa na New York 1846. Walakini katika Illinois sababu ya karibu zaidi ilikuwa hofu juu ya watunga sheria, wala si imani juu ya wapiga kura.

Chini ya katiba ya 1818 mahakimu walichaguliwa na Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1841 chama cha Democrat, kikiwa na wingi wa kura barazani na kikiogopa kwamba Mahakama ya Juu ya jimbo ingewazuia wageni wasiopata uraia, ambao wengi wao walikipigia kura chama hicho, kilipitisha sheria ya kuongeza majaji watano, wakawa tisa badala ya wanne, na kikaondoa nafasi za mahakimu wa mizunguko ili majaji hao wapya wafanye kazi zao. Miongoni mwa watano hao alikuwamo Stephen Douglas, kijana wa miaka 27. Watu wa Whig walipiga kelele, wasifue dafu; nao waliotazama kwa jicho la haki, bila kujali chama, waliona kwamba mahakama inayoweza kujazwa watu kwa kura za mchana mmoja ina jina la mahakama tu.

Katiba iliyoanza kutumika 1848 ililijibu tatizo hilo kwa kuwapa wananchi kura ya kuchagua majaji watatu wa Mahakama ya Juu na mahakimu wa mizunguko, hawa wa mizunguko kwa vipindi vya miaka sita. Lakini waandishi wa katiba hiyo walikuwa wakiandika huku jimbo likitota katika madeni ya mifereji na reli zilizoanzishwa kwa pupa mwaka 1837, nao wakabana kila senti: gavana dola 1,500 kwa mwaka, hakimu wa mzunguko dola 1,000. Davis, aliyeketi katika mkutano huo, alichaguliwa mwaka huohuo wa 1848 kuwa hakimu wa Mzunguko wa Nane, akachaguliwa tena 1855 na 1861. Alikalia kiti alichoshiriki kukiunda, tena kwa mshahara usioweza kumtunza mtu wa hadhi yake. Na ni ardhi, wala si hazina ya jimbo, iliyomwezesha kubaki pale.

Mahakama iliyosafiri

Mzunguko wa Nane katika upana wake mkubwa ulikuwa na wilaya 14, tangu Springfield upande wa magharibi hadi Danville na Paris karibu na mpaka wa Indiana, eneo ambalo kulizunguka lote kulihitaji mwendo wa mamia ya maili mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, kila safari ikichukua takriban miezi mitatu. Hakimu alitangulia katika gari lake la farasi wawili, maana uzito wake uliozidi ratili 300 haukuruhusu farasi mmoja. Mawakili wakamfuata, wengine kwa gari na wengine juu ya tandiko. Wakifika makao makuu ya wilaya, kwa mfano Metamora, Mount Pulaski au Urbana, mji mzima ulijaa: wadai, wadaiwa, mashahidi, wanaotafuta wakili, na wengi waliokuja kutazama tu, kwani zama hizo hapakuwa na tamasha la kushinda shauri la kashfa baina ya majirani. Mawakili walilala wawiliwawili kitandani na vyumba vikajaa, isipokuwa hakimu, ambaye kwa sababu zilizo dhahiri alipewa kitanda chake peke yake. Davis alimlalamikia mkewe katika barua juu ya matope, mito isiyo na madaraja, na nyumba za wageni ambazo meza na sakafu zake zilikuwa zimeshiba mafuta.

Lincoln ni miongoni mwa wachache sana waliokamilisha mzunguko mzima pamoja na hakimu, mwaka baada ya mwaka. Urafiki uliozaliwa njiani ndio msingi wa yote yaliyofuata, nao ndio shutuma ya kwanza dhidi ya Davis: hakimu anayekula, kulala na kucheka na wakili jioni atamhukumuje asubuhi? Shutuma hii ina jibu lisilo la kawaida, maana lina tarakimu. Willard King, mwandishi wa tarajama ya Davis, alitafuta mashauri ambayo Lincoln aliyaleta mbele ya rafiki yake bila jopo la wananchi, ambapo hukumu ilikuwa ya hakimu peke yake; akakuta mashauri 87, Lincoln akiwa ameshinda 40 na kushindwa 47. Tarakimu peke yake haithibitishi uadilifu, kwa kuwa huenda mashauri 47 yale yalistahili kushindwa na mengine zaidi; lakini anayedai upendeleo hana budi kueleza mpendelewa alipataje kushindwa zaidi ya alivyoshinda.

Jambo jingine la mzunguko halina utetezi mwepesi namna hiyo. Davis alipougua au alipokuwa na shughuli zake, alimwomba Lincoln au wakili mwingine akalie kiti na kuhukumu badala yake, na mawakili wote wakaridhia, kwa sababu kazi ilisonga na watu waliotoka mbali hawakurudi mikono mitupu. Msingi wa kisheria wa desturi hiyo ulikuwa dhaifu mno. Wapiga kura walimchagua Davis, hawakumchagua Lincoln. Hapa tunauona udhaifu wa mahakama ya kindugu: kule kujuana kunakoirahisisha kazi ndiko kunakowafanya watu wasione haja ya kuuliza madaraka yametoka wapi.

Hakimu katika ukumbi wa Chicago

Mwezi wa Mei 1860 chama kipya cha Republican kilikutana Chicago, katika ukumbi wa mbao uliojengwa makusudi na kuitwa Wigwam. Lincoln alibaki Springfield kama ilivyokuwa ada ya wagombea. Davis, hakimu aliyekuwa bado madarakani, alifungua makao ya kampeni katika hoteli ya Tremont, akawagawia kazi Leonard Swett, Stephen Logan, Ward Hill Lamon na wengineo, karibu wote wakiwa mawakili aliokuwa akiwasikiliza mahakamani. Mkakati ulikuwa mmoja na wa wazi: wajumbe wasioweza kumpata wampendaye wakubali Lincoln awe chaguo lao la pili. Kwa nje, Lamon na Fell walichapisha tiketi za ziada ili viti vya watazamaji vijazwe na watu wa Illinois wenye vifua vya kupiga kelele, na mashabiki wa William Seward, mshindani mkuu wa Lincoln, waliporudi kutoka maandamano yao wakakuta hapana pa kukaa.

Lincoln alipeleka agizo kwamba asifungwe na ahadi yoyote. Hata hivyo Simon Cameron wa Pennsylvania na Caleb Smith wa Indiana, ambao majimbo yao yalikuwa ya lazima, walipata viti katika baraza la mawaziri, Cameron wizara ya vita na Smith wizara ya mambo ya ndani, na wanahistoria wamebishana tangu hapo kama Davis aliahidi, au alidokeza, au aliacha watu waelewe walivyotaka kuelewa. Katika duru ya kwanza Seward alipata kura 173 na nusu, Lincoln 102. Katika ya pili, 184 na nusu kwa 181. Katika ya tatu Lincoln alifika 231 na nusu, na wajumbe wa Ohio wakabadili kura nne zilizomvusha.

Asije mtu akadhani kwamba Davis alikuwa mkosaji wa pekee siku zile. Katika duru ya kwanza ya mkutano huohuo, John McLean, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alipata kura 12 akiwa mmoja wa waliotajwa kwa ugombea wa urais. Hakimu wa kuchaguliwa alikuwa akimpigania rafiki yake. Jaji wa maisha alikuwa akitajwa kwa ajili ya nafsi yake. Ulinganisho huo mmoja unatosha kumpa wasiwasi kila anayeamini kwamba aina ya kiti ndiyo inayoamua tabia ya mkaliaji.

Rai ya kwanza: wananchi wamchague hakimu

Wanaotetea uchaguzi husema kwamba hakimu wa Mzunguko wa Nane alikuwa hakimu mwema kwa sababu alikuwa karibu na watu. Alijua thamani ya nguruwe na ya uzio, alijua mkulima anapodanganya na anapokosea hesabu tu, na kila baada ya miaka sita aliwajibika kwa watu hao. Lau angalipewa kiti kwa hisani ya Baraza la 1841, asingalipata kuwa hakimu kabisa, kwa kuwa chama chake kilikuwa cha wachache jimboni. Na mkulima wa wilaya ya Woodford angalihukumiwa na mtu aliyetumwa kulinda maslahi ya chama mjini Springfield. Hoja hii ina nguvu ya kweli. Uchaguzi ulivunja mnyororo uliomfunga hakimu kwa watunga sheria.

Udhaifu wake ni kwamba mnyororo mmoja ulipovunjwa, mwingine ulifuliwa. Hakimu anayehitaji kura huhitaji marafiki wa kuzitafuta, na katika mji mdogo marafiki wenye uwezo huo ni mawakili. Ndiyo maana kundi la Tremont lilikuwa mahakama ya mzunguko iliyohamia hotelini. Tena mshahara wa dola 1,000 uliwafungia mlango maskini wenye elimu na kuwafungulia matajiri, ambao mali yao ilikuwa katika ardhi ileile ambayo mashauri yake yalijaa mahakamani. Utaratibu ulioitwa wa wananchi ulimhitaji mtu asiyekuwa na dhiki za mwananchi.

Rai ya pili: hakimu akae maisha, mbali na kura

Upande wa pili hutaja shauri la Milligan, nao wana haki ya kulitaja. Lambdin Milligan, wakili wa mji mdogo wa Huntington, Indiana, mpinzani mkali wa vita, alikamatwa Oktoba 1864, akahukumiwa mjini Indianapolis na mahakama ya wanajeshi kwa tuhuma za kula njama, akapangiwa kunyongwa tarehe 19 Mei 1865. Rais Andrew Johnson aliahirisha, kisha akageuza adhabu kuwa kifungo cha maisha. Indiana haikuwa uwanja wa vita, na mahakama za kawaida za Indianapolis zilikuwa zikiendelea na kazi zao kila siku. Mahakama ya Juu iliamua Aprili 1866, kwa sauti moja, kwamba Milligan aachiliwe. Na Desemba Davis, kwa niaba ya majaji watano, akaeleza kwamba katiba haifungwi kabatini vita vinapoanza, na kwamba hata Bunge halina uwezo wa kuidhinisha mahakama kama ile pasipo na dharura inayozifunga mahakama za raia. Wenzake wanne, wakiongozwa na Jaji Mkuu Chase, walikubali matokeo lakini wakakataa kulifunga Bunge kwa mambo ya baadaye. Hakika ni vigumu kufikiri kwamba hakimu wa Bloomington, akikabili uchaguzi mbele ya wapiga kura waliokuwa wametoka kuwazika wana wao, angaliandika maneno hayo.

Hata hivyo sifa hizi zinahitaji kupunguzwa kwa mambo mawili. La kwanza ni wakati. Mwaka 1863, katika mashauri ya meli zilizotekwa kwa mzingiro wa bandari za Kusini, Davis alikuwa miongoni mwa watano waliounga mkono serikali dhidi ya wanne. Na Februari 1864 Mahakama hiyohiyo ilipoletewa shauri la Clement Vallandigham, mwanasiasa wa Ohio aliyehukumiwa na wanajeshi, ilisema haina madaraka ya kuipitia hukumu ya tume ya kijeshi. Ushujaa wa Milligan ulikuja mizinga ilipokwisha kunyamaza. La pili ni zito zaidi. Katika majimbo ya Kusini mahakama za raia zilikuwa wazi pia, lakini watumwa waliokombolewa hawakupata humo haki yoyote, na mahakama za kijeshi ndizo zilizokuwa kimbilio lao. Johnson akaitumia hukumu ile kuzidhoofisha. Mbunge Thaddeus Stevens na wenzake waliishambulia hukumu hiyo kwa hasira, wakiiweka bega kwa bega na ile ya Dred Scott ya 1857, iliyowanyima weusi uraia. Davis alinung'unika kwamba hakusema lolote juu ya Kusini, na kweli hakusema. Ila jaji aliyekaa mbali na kura alikuwa pia mbali na kuona kanuni njema ya Indianapolis itafanya nini Mississippi.

Yafaa kuongeza, maana mara nyingi husahauliwa, kwamba Milligan alipowashtaki waliomkamata, jopo la raia mwaka 1871 lilimpa fidia ya dola 5.

Wala uteuzi wa maisha haukuwa safi na siasa katika kupatikana kwake. Lincoln alikuwa na nafasi tatu za kujaza. Mbili aliwapa Noah Swayne na Samuel Miller, na ya tatu ikagombewa chinichini na Orville Browning, rafiki mwingine wa Illinois, hadi Swett alipofanya kazi kubwa ya kumkumbusha Rais deni la Chicago. Davis aliteuliwa Oktoba 1862. Aliyeingia mahakama ya kwanza kwa kura za wengi aliingia ya pili kwa shukrani za mmoja.

Rai ya tatu: tabia ya mtu ndiyo kinga

Kundi la tatu, hasa waandishi wa tarajama, husema kwamba utaratibu ni ganda tu, na kwamba Davis alikuwa mwaminifu kwa tabia. Hutoa mfano wa mirathi. Lincoln, wakili wa miaka mingi, alifariki bila wasia. Mwanawe Robert akamwomba Davis asimamie mali, naye akaisimamia hadi 1867, akaikuza hata ikapita dola 110,000, akaigawa kwa mjane na wana wawili waliobaki, asitoze ujira ambao sheria ilimruhusu kuudai. Pia wanakumbusha kwamba alikuwa amemweleza Lincoln mwenyewe kuchukizwa kwake na mahakama za kijeshi, kwa hiyo Milligan haikuwa kugeuka.

Hayo yote ni kweli, na bado rai hii ndiyo dhaifu kuliko zote tatu, kwa sababu tabia ileile haikumzuia, mwaka 1872, kukubali akiwa jaji uteuzi wa chama kidogo cha Labor Reform kugombea urais, wala kuacha marafiki zake wamtafutie uteuzi wa Republican waliojitenga katika mkutano wa Cincinnati. Walipomteua Horace Greeley, ndipo alipojitoa. Kwa miezi kadhaa nchi ilikuwa na jaji wa mahakama ya mwisho aliyekuwa pia mgombea, na kila aliyekuwa na shauri mbele yake alikuwa na haki ya kujiuliza anamwambia nani hoja zake. Mtu mwaminifu katika mirathi aweza kuwa mzembe katika mipaka ya kazi.

Mtego wa 1877

Uchaguzi wa urais wa 1876 baina ya Rutherford Hayes wa Republican na Samuel Tilden wa Democrat ulikwama juu ya kura za majimbo machache yaliyoleta matokeo mawilimawili. Bunge likabuni Tume ya watu 15: maseneta watano, wawakilishi watano, majaji watano. Kivyama wengine 14 walitarajiwa kugawanyika saba kwa saba, na wa 15, jaji wa tano ambaye majaji wenzake wangemchagua, alitarajiwa na wote kuwa Davis, kwa kuwa hakuhesabiwa tena kuwa mtu wa chama chochote. Sifa ya kutokuwa na upande, iliyojengwa kwa miaka karibu 30 mahakamani, ilikuwa imemfikisha mahali ambapo neno lake moja lingeamua nani awe Rais.

Tarehe 25 Januari 1877, siku ileile Seneti ilipopitisha muswada wa Tume, Baraza la Illinois lilimchagua Davis kuwa seneta, kwa kura za Democrat na wajumbe huru, likimwangusha John Logan wa Republican. Wapo wasemao kwamba Democrat walitaka kumtia katika deni. Kama ndivyo, walijikata kwa wembe wao, maana Davis alisema mtu aliyekwisha kuchaguliwa na upande mmoja hafai kuamua, akakataa kuingia katika Tume. Nafasi ikaenda kwa Joseph Bradley. Kila hoja kuu ikaamuliwa 8 kwa 7. Hayes akawa Rais kwa kura 185 dhidi ya 184. Davis akajiuzulu ujaji, akaingia Seneti, na kuanzia Oktoba 1881, Chester Arthur alipokuwa Rais asiye na makamu, akawa mwenyekiti wa muda wa Seneti hadi Machi 1883, hatua moja kutoka urais alioutamani miaka tisa nyuma.

Mizani

Mtu aweza kusema kwamba kujitoa kwake kulikuwa kilele cha uadilifu, na mwingine akasema kwamba alikimbia mzigo mzito kuliko yote aliyopata kuitiwa. Kwa maoni yetu yote mawili ni sahihi, na hilo ndilo linaloonyesha kasoro ilipo. Wabishani wa zamani na wa sasa hugombania namna hakimu anavyoingia kazini, kwa kura au kwa uteuzi, na maisha ya Davis yanaonyesha kwamba aliingia kwa njia zote mbili akahukumu kwa kiasi kilekile cha haki na kasoro. Kilichomtikisa kila mara kilikuwa nafasi iliyo mbele: urais wa rafiki mwaka 1860, urais wake mwenyewe mwaka 1872, Seneti mwaka 1877. Maadamu cheo kingine kilikuwa wazi mbele yake, kila uamuzi wake uliweza kusomwa kama maombi ya kazi, hata pale ambapo haukuwa hivyo. Katika Milligan hapakuwa na cheo kilichokuwa kikimngoja, bali matusi ya chama chake. Na hapo ndipo alipoandika vizuri kuliko pote.

Kipingamizi kikubwa kwa rai hii ni kwamba kumfungia hakimu milango ya mbele kuna gharama yake. Mahakimu wa Illinois wa dola 1,000 wasingalipatikana kama kiti hicho kingekuwa mwisho wa safari. Matumaini ya kupanda ndiyo yaliyokuwa sehemu ya mshahara wao. Anayetaka hakimu asiyetazama mbele sharti amlipe vya kutosha leo, na jimbo lililokuwa likizama katika madeni ya reli halikuwa tayari. Kwa hiyo pendekezo lolote la kukataza vyeo bila kugusa mshahara litawaleta tena matajiri wa ardhi peke yao, au watu dhaifu.

Ushahidi mwingine wa rai yetu unapatikana katika kiti alichokiacha Davis. Hayes alimpa John Marshall Harlan wa Kentucky, naye alikuwa mwanasiasa mtupu: aliwania ugavana mara mbili, 1871 na 1875, akashindwa zote, na katika mkutano wa 1876 aliwapeleka wajumbe wa Kentucky upande wa Hayes, takriban kama Davis alivyomfanyia Lincoln. Aliingia kwa deni lilelile. Tofauti ni kwamba Harlan hakutoka tena kutafuta kura. Alikaa hadi alipofariki 1911, na mwaka 1896, katika shauri la Plessy, wenzake waliposhikilia sheria ya kuwatenga weusi na weupe katika mabehewa ya reli, alipinga peke yake.